Asubuhi Nzima kwa Dirisha

Siku ya kumi na saba ya shindano, Ibtihal aliandika sentensi tatu tangu umeme uje, akafuta mbili, na ya tatu akaiacha kwa sababu alichoka kufuta. Ilisema: "Nilipokuwa mtoto, harufu ya mvua." Haikuwa hata sentensi, na yeye, mwalimu wa lugha kwa miaka ishirini na miwili, alilijua hilo kuliko mtu yeyote hapo Tripoli. Alikuwa amekaa jikoni, kompyuta juu ya meza ya kukatia mboga, maana jikoni ndiko mtandao ulikoshika.

"Nachomeka birika!" mamamkwe wake, Bi Saniya, alipiga kelele kutoka ukumbini.

"Usichomeke, Mama! Mashine ya kufua inazunguka!"

"Nimeshachomeka."

Swichi ikakata. Feni ikasimama, mashine ikanyamaza na maji yake tumboni, na kompyuta, ambayo betri yake ilikufa mwaka juzi, ikazimika pamoja na mvua yake. Umeme wa jenereta ya mtaa ni ampea tano kwa kila nyumba. Ukizidisha, unakatika, na swichi ya kuurudisha imefungwa ndani ya kisanduku cha chuma chini kabisa mlangoni, kwa sababu mwenye jenereta hamwamini mtu. Wao walikaa ghorofa ya sita. Lifti ilikuwa haijatembea tangu mwaka uliopita.

Mumewe, Munzir, aliingia kutoka barazani akiwa na fulana ya ndani. Teksi yake ilikuwa kwenye foleni ya petroli tangu jana, na yeye alirudi nyumbani kula.

"Nani kachomeka?"

"Muulize mama yako."

"Mama ana haki ya kunywa chai."

"Na mimi nina haki ya kuandika."

"Si uandike kwa kalamu? Watu wameandika kwa kalamu miaka elfu nzima, hakuna aliyedai ampea."

Ibtihal alifungua mlango wa ngazi ili ashuke yeye mwenyewe, maana alijua mabishano yangechukua muda mrefu kuliko ngazi. Kabla hajavaa ndara, sauti ilipanda kutoka chini.

"Ghorofa ya sita! Ni nyie tena?"

"Ni sisi, Haji. Utusamehe."

"Mimi niko ya tatu, nashuka. Nitawapandishia. Birika, au siyo?"

"Birika, Haji."

"Mwambieni Bi Saniya chai ya kwenye gesi ndiyo chai!"

"Gesi iko wapi?" Bi Saniya alijibu kwa nguvu ili asikike mpaka ghorofa ya tatu. "Aniletee yeye!"

Haji Burhan wa ghorofa ya saba alikuwa fundi seremala mstaafu, mwenye miaka sabini na minne, na ndiye aliyepandisha swichi za jengo zima. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Ngazi zilipoanza kuwashinda watu, alitengeneza kiti cha mbao akakiweka ghorofa ya nne, na mgongoni mwake akachonga maneno: *Pumzika, hatukimbizwi*. Dakika tano baadaye umeme ulirudi. Harufu ya mvua haikurudi.

Shindano lenyewe liliitwa Siku Thelathini. Mwanzilishi wake alikuwa Daktari Shahinaz, mzaliwa wa mji huu huu ambaye sasa anaishi Montreal, ambako hajui swichi yake iko wapi. Kila siku alituma neno moja, na kila mshiriki alitakiwa kurudisha ukurasa mmoja kabla ya magharibi. Ukikosa siku moja, jina lako linafutwa kwenye orodha. Walianza sitini na wawili, wakabaki ishirini na mmoja. Zawadi haikuwepo, watakaofika mwisho kurasa zao zitatiwa kitabuni, basi.

Kwa Ibtihal hiyo ilitosha. Shule yake ilikuwa imefungwa kwa mgomo, mwezi wa nne sasa, na katika miezi hiyo hakuna mtu aliyemhitaji kwa jambo lolote isipokuwa kupika na kushuka ngazi. Alitaka kumaliza kitu kimoja mwaka huu, kimoja tu, ambacho hakiliwi wala hakikatiki. Siku kumi za kwanza aliandika kama mtu aliyefunguliwa mdomo. Tangu ya kumi na moja hamu ilimtoka, na hakuweza kusema imekwenda wapi. Maneno yalikuwepo, ila hakuyataka.

*

Neno la siku ya kumi na nane lilikuwa "Dirisha". Ibtihal alianza kuliandika kwa kalamu kabla jua halijachomoza, kwa hasira, akiwa ameapa kwamba leo hataandika upuuzi. Umeme ulikuja saa tatu asubuhi mpaka saa tano, kisha tena usiku baada ya ishaa, hivyo kama ukurasa haukutumwa asubuhi, haukutumwa kabisa.

Saa mbili ukasikika ukelele kwenye ngazi.

Haji Burhan alikutwa kwenye kiti chake ghorofa ya nne, mfuko wa mikate mapajani. Watatu walikuwa wameshampita wakipanda na kushuka. Walimsalimia, hakuitika, wakadhani amesinzia. Mmoja hata alishusha sauti asimwamshe.

Ibtihal alilia palepale kwenye ngazi pamoja na wanawake wengine, wanaume wakambeba mzee mpaka juu. Kisha alirudi jikoni, akanawa uso, akalitazama dirisha lake. Lilikuwa limefika nusu ukurasa. Saa tatu na robo, umeme ukiwa umekuja na kompyuta inanguruma, mlango ukagongwa. Alikuwa Mazin, mwana mkubwa wa marehemu, macho mekundu.

"Mwalimu, tanzia. Tunazika baada ya alasiri. Mchapaji anataka maneno sasa hivi, naye umeme wake unakatika saa tano."

"Mungu amrehemu, mwanangu. Nipe dakika tano."

Kwa miaka kumi na moja tanzia zote za jengo lile ziliandikwa na Ibtihal. Si kazi ya kitoto. Tanzia hubandikwa msikitini, kwenye nguzo na mlangoni mwa marehemu, na ndani yake watu hawatafuti aliyekufa, wanamjua. Wanajitafuta wao. Wana wa kiume, mabinti na waume zao, ndugu, kisha koo zote zilizooleana na nyumba ile, moja baada ya nyingine. Ukoo ukiachwa, haukuachwa kwa bahati mbaya, umeachwa. Watu wa mtaa walizoea kusema kwamba kama kufa ni lazima, basi wafe Ibtihal akiwa hai.

Alifungua tanzia ya mke wa Haji Burhan, aliyefariki miaka tisa nyuma. Akabadilisha jina, akabadilisha tarehe, akaongeza "seremala". Koo zilikuwa palepale zimeshapangwa. Hakusoma mara ya pili. Alituma kwa mchapaji, akaangalia saa, akaona ametumia dakika nne, akashukuru kwamba asubuhi bado haijaisha. Akarudi kwenye dirisha. Alilisafisha neno kwa neno, akalituma saa tano kasoro dakika tatu.

Daktari Shahinaz akajibu kwa picha ya ua la waridi. Wote ishirini na mmoja walipata waridi hilohilo.

*

Alhamisi, siku ya kwanza ya matanga, Mazin aligonga tena. Safari hii hakulia. Alishika karatasi moja yenye mistari myeusi pembeni, na gundi yake bado mbichi.

"Mwalimu, nisomee hapa."

Ibtihal akasoma. "Na binti yake, Binti Fadwa..."

Hakumaliza. Miaka tisa nyuma Fadwa alikuwa msichana wa nyumbani, na neno "Binti" mbele ya jina lilikuwa haki yake. Sasa Fadwa ni mke wa Walid Arnauti, mwaka wa sita, mama wa mapacha. Walid hakuwemo. Ukoo wa Arnauti haukuwemo. Kwenye kuta na nguzo thelathini na mbili za mji, Fadwa hakuwahi kuolewa.

"Wamekuja wanaume wao kumi na moja," alisema Mazin. "Wamevaa suti. Wamefika mlangoni mwa ukumbi wa matanga, wamesoma, wamegeuka. Hata kahawa hawakugusa. Watu wote wanaangalia."

"Na Fadwa?"

"Walid kampigia simu. Kamwambia, 'Kaa kwenu, si ndivyo mlivyoandika?' Na watoto wako kwao."

"Mmewaambia ni kosa?"

"Nani ataamini? Tuligombana nao sikukuu iliyopita kwa maneno ya kijinga, mjini wote wanajua. Wanasema tumengoja baba afe tuwafute." Alikunja karatasi, akaikunjua. "Mimi sikuisoma, Mwalimu. Ni tanzia ya baba yangu. Nilidhani umesoma wewe."

Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Ibtihal zaidi. Mazin alisema mchapaji hana wino mpaka Jumatatu, na matanga yanakwisha Jumamosi. Akaondoka akipanda ngazi polepole.

Munzir alikuwa amesimama nyuma muda wote. "Hongera," alisema. "Shindano lako limemwacha mke wa mtu."

"Munzir, usinianze."

"Sijakuanza. Mtu anakaa siku kumi na nane anapigana na kompyuta, usiongee, usichomeke, usipumue, nafikiri! Na kumbe hafikiri."

"Mimi nilisema," Bi Saniya aliingilia.

"Ulisema nini, Mama?"

"Sikumbuki. Lakini nilisema."

Rawand, binti yao wa miaka kumi na sita, alimsogezea mama yake kiti. Ibtihal alikuwa anatafuta chumba cha kulilia katika nyumba yenye vyumba viwili. Hakukipata. "Kesho naenda kwa Bi Nadhira," alisema mwishowe.

"Mama yake Walid? Atakutupia kiatu."

"Nitamrudishia."

*

Bi Nadhira Arnauti alikuwa amekaa sebuleni na beseni la biringanya ndogo zilizochemshwa, akizipasua tumbo na kuzijaza kwa ajili ya akiba ya mwaka. Kila nyumba hufanya kazi hiyo mwezi wa tisa. Mwaka huu alizijaza karanga badala ya kokwa za jozi, maana bei ilipanda, na hakutaka mtu alizungumzie.

"Kaa," alisema. "Sikukaribishi. Nimesema kaa kwa sababu nikikutazama juu shingo inaniuma."

Ibtihal akakaa. Kahawa haikuja, wala hakukuwa na dalili kwamba itakuja. Katika mji ule hata mkusanya bili ya maji hupewa kahawa.

"Bi Nadhira, kosa ni langu. Wana wa Haji hawakujua. Nilichukua tanzia ya zamani..."

"Wewe ulimfundisha Walid wangu."

"Darasa la saba."

"Ulimpa sifuri kwa kusahau nukta."

"Sikumpa sifuri. Nilimpa nne."

"Kwa nukta! Haya, mwalimu, anayesahau ukoo mzima anapewa ngapi?"

Bi Nadhira alijaza biringanya mbili, akazibana kwa kidole gumba.

"Ulikuwa unafanya nini asubuhi ile? Mgonjwa?"

"Hapana."

"Kwenye foleni ya mkate?"

"Hapana." Angeweza kudanganya, na uongo ulikuwepo tayari mdomoni. "Nilikuwa naandika ukurasa. Kuna shindano. Neno la siku lilikuwa dirisha."

"Dirisha."

"Ndiyo."

"Unao huo ukurasa?"

"Uko kwenye simu."

"Nisomee."

"Bi Nadhira, tafadhali."

"Umenitoa ukoo wangu mbele za watu. Mimi nataka nijue nimetolewa kwa ajili ya nini. Soma."

Akasoma. Alikuwa amezoea kusoma mbele ya watoto arobaini, lakini mbele ya bibi mmoja na beseni lake alisoma haraka bila kuinua macho. "Dirisha langu lina macho mawili, moja hulia na jingine hucheka. Kila alfajiri hufungua kope zake kwa ulimwengu usiojali..." Alisoma mpaka mwisho, na kila mstari aliousafisha asubuhi ile sasa ulinuka sabuni.

"Dirisha gani hilo? La jikoni?"

"Ni dirisha tu. La mawazo."

"Nyumbani kwenu hakuna dirisha la kweli?"

"Lipo."

"Linatazama wapi?"

"Linatazama tangi la maji la jengo la pili. Limetoboka. Haji Burhan aliliziba kwa kipande cha mbao, mwezi uliopita. Alipanda mpaka juu ya paa peke yake."

"Mbona hilo hukuandika?"

Ibtihal alizima simu, akaitia mkobani.

"Asubuhi nzima kwa dirisha lisilokuwepo," alisema Bi Nadhira. "Na Burhan umempa dakika ngapi?"

"Nne."

"Nne. Mlango ulioingilia aliuchonga yeye. Wiki mbili." Alipangusa mikono kwa kanga ya jikoni. "Sitaki radhi yako, mwalimu. Radhi ya sebuleni haina faida kwangu. Tumevuliwa nguo barabarani, tuvalishwe barabarani. Karatasi zote, kwa mkono wako, kabla ya kesho alasiri."

"Zote thelathini na mbili?"

"Wewe ndiye uliyezihesabu. Na uandike vizuri. Usisahau nukta."

*

Karatasi zilikuwa zimebandikwa juu, zisichanwe na watoto. Kwa hiyo Munzir alishuka mpaka ghorofa ya nne, akasimama mbele ya kiti cha Haji Burhan, akasema, "Utusamehe, Haji," akakibeba begani. Rawand alishika kalamu ya wino mzito. Walianzia msikitini, sala ya Ijumaa ikiwa inatoka, saa ile ambayo hata asiye na shughuli husimama pale kutafuta shughuli ya mwenzake.

Ibtihal alipanda juu ya kiti. Alikata "Binti", akaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: *Bi Fadwa, mke wa Bwana Walid Arnauti*. Chini, kwenye koo, akaongeza: *na ukoo wa Arnauti*.

"Mwalimu!" kijana mmoja aliita, na alikuwa mwanafunzi wake. "Siku hizi unasahihisha mpaka maiti?"

"Mwenyewe ulikosea, siyo?" mwingine akauliza. "Au walikulipa ukosee?"

"Mkiongeza majina na langu muongeze," alisema muuza nyama, na watu wakacheka. "Mimi ni mkwe wa mkwe wao."

Munzir aligeuka. "Na wewe jina lako liko kwenye mizani yako, tunalijua wote. Shikilia hapo." Kisha kwa mkewe, kwa sauti ya chini: "Andika upesi, bwana, kabla sijapigana."

Ilikuwa hivyo nguzo kwa nguzo. Panda, kata, andika, shuka, vumilia. Kwenye nguzo ya saba, mama anayeuza maandazi ya ufuta mbele ya duka la dawa alikuja akasimama chini ya kiti, mikono kiunoni.

"Hapo juu mmeandika 'mwema, mcha Mungu, mpole'. Mnawaandika hivyo wote. Hata yule mlevi wa mtaa wa nyuma mlimwandika mpole."

"Ndivyo inavyoandikwa, dada."

"Burhan hakuwa mpole. Alikuwa mbishi! Kila asubuhi alinibishia bei, akishinda analipa ile ya mwanzo. Andika hilo."

Ibtihal alicheka. Ilimtoka tu, juu ya kiti, kalamu mkononi, akashtuka mwenyewe. Karatasi ilikuwa na ukingo mpana mweupe kushoto. Akaandika hapo: *Alikuwa mbishi wa bei, na akishinda hulipa ileile ya mwanzo.*

"Soma," alisema yule mama. Ibtihal akasoma. "Sawasawa. Huyo ndiye."

Kwenye nguzo ya nane fundi viatu alikuwa ameshasikia, akawa anangoja. Haji Burhan alimtengenezea benchi, akakataa kuchukua kitu, kisha akawa anakuja kulikagua kila mwezi na kumkemea kwamba analikalia vibaya. Ibtihal akaandika. Kwenye ya kumi na moja, mjane mmoja alisema mlango wake haufungi tangu Haji aseme atakuja Jumatano, na Jumatano ndiyo aliyokufa, na sasa yeye amkasirikie nani? Ibtihal akaandika hivyohivyo, pamoja na kukasirika. Hakusafisha neno. Hakukuwa na nafasi ya kusafisha. Ukingo ulikuwa vidole vitatu, na wino haufutiki. Mkono uliuma, jua lilimchoma shingo, na hakuna hata mara moja alipojiuliza aandike nini.

Ilipofika ya ishirini na sita Munzir alikuwa anashika kiti kwa mikono miwili bila kulalamika, jambo lililomtia Rawand wasiwasi.

"Magharibi inakaribia," alisema Munzir. "Ukurasa wako wa leo uliutuma?"

"Ukurasa gani?"

Munzir alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesahau.

Alikumbuka nyumbani, simu ilipopata chaji. Kwenye orodha majina yalikuwa kumi na manane, na lake halikuwemo. Ujumbe ulisema: "Mpendwa mshiriki, safari yako nasi imeishia hapa. Usikate tamaa! Tukutane mwaka ujao." Na waridi.

Alilia, tusidanganyane. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa jikoni akalia siku zake kumi na tisa zote, wakati Bi Saniya akimwambia kutoka ukumbini kwamba kulia hakutumii ampea, alie tu.

*

Jumamosi baada ya alasiri wanaume wa Arnauti walikuja ukumbini, kumi na wanne safari hii, wakakaa, wakanywa. Bi Nadhira alikwenda nyumbani kwa marehemu, kwa wanawake, ghorofa ya saba, na magoti yake yale. Kiti kilikuwa kimerudishwa mahali pake. Alikaa, akahema, akasoma maneno ya mgongoni kwa kidole, akasema, "Mbishi mpaka kwenye kiti," na akaendelea kupanda.

Fadwa ndiye aliyefungua mlango. Hakujua aweke wapi mikono yake.

"Watoto wamekataa kula chakula changu," Bi Nadhira alimwambia. "Nikimaliza kahawa, uvae viatu twende." Akaingia, akampita Ibtihal bila kumtazama, akakaa karibu naye. "Nimezipitia tisa," alisema akitazama mbele, kama anayeongea na ukuta. "Kwenye ile ya duka la dawa umesahau nukta."

"Sikusahau."

"Umesahau. Nimeiweka mwenyewe."

Mwenye jenereta alikuwa amewapa umeme kwa muda wa saa mbili nje ya zamu, kwa heshima ya marehemu. Feni zilizunguka, kahawa chungu ilipitishwa, sauti ya Kurani ilitoka kwenye redio. Kisha kutoka jikoni ikasikika sauti ambayo Ibtihal angeitambua hata kaburini.

"Nachomeka!"

"Mama, usi..."

Ikakata.

Feni zikazunguka kidogo kidogo mpaka zikasimama. Wanawake thelathini walikaa wakiwa wameelekeza nyuso mlangoni, na ilichukua muda kabla ya mmoja wao kuelewa wanangoja nini. Walikuwa wanangoja sauti ipande kutoka chini iulize, ni nyie tena? Fadwa akaanza kulia, kilio cha kwanza tangu baba yake azikwe, maana siku zote tatu aliona aibu kulia.

Ibtihal akainuka, akachukua mkoba wake, akashuka.

Alihesabu ngazi, akaacha kuhesabu. Chini alifungua kisanduku cha chuma, akaipandisha swichi ya ghorofa ya saba, akasikia redio ikianza kusoma mbali sana juu. Akapanda. Ghorofa ya nne pumzi zikamwisha, akakaa. Mkobani mlikuwa na tanzia moja iliyobaki, ambayo hawakupata pa kuibandika, na kalamu ya wino mzito. Aliigeuza karatasi upande mweupe, akaiweka juu ya paja.

*Swichi imekata,* aliandika, *na hakuna anayeshuka. Sisi wanawake thelathini tumekaa tunamngoja marehemu.*

Akasoma. Ilikuwa sentensi. Akaandika ya pili, na ya tatu ikaja kabla ya ile ya pili kuisha.

"Mwalimu!" Bi Nadhira aliita kutoka juu. "Umeme umerudi, wewe mbona hurudi?"

"Nakuja!"

"Umeishiwa pumzi?"

"Hapana!"

"Kahawa yako inapoa!"

"Iache ipoe!" alijibu Ibtihal kwa ukali, kama anavyowajibu nyumbani kwake, akaendelea. Karatasi ilipojaa aliitazama kulia na kushoto, akaigeuza upande wenye tanzia, na kwenye ukingo, kando ya jina la Haji Burhan, akakuta bado kuna vidole vitatu.